Taa ya pedi za breki: dalili, vyanzo na namna ya kuvithibitisha

Barabara inayoshuka kutoka Kericho hadi tambarare za Ahero hupoteza zaidi ya mita 800 za mwinuko, na ile ya Nandi Hills kuelekea Chemelil ni fupi zaidi lakini kali. Dereva asiyelizuia gari kwa gia katika miteremko ya namna hiyo huzibebesha mzigo wote pedi za breki, yaani vipande vya msuguano vinavyoibana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, nazo huisha upesi. Kwa hiyo si ajabu taa ya pedi kuwaka kwenye dashibodi katika ukanda huu wa magharibi mwa Kenya. Si ajabu pia taa hiyo kuwaka ilhali pedi bado ni nene, au kutowaka kabisa ilhali chuma tayari kinasaga chuma.

Utata huo wote una mzizi mmoja: sensa ya pedi huangalia nukta moja tu ya pedi moja. Haipimi joto la breki, haijui mafuta ya breki yamebaki kiasi gani, wala haina habari ya pedi iliyo upande wa pili wa diski ileile. Mwenye gari anayelizingatia hilo hatanunua sensa kwa kuwa tu taa imewaka, wala hatatulia kwa kuwa tu taa haijawaka. Atafungua gurudumu, atazame pedi kwa macho yake, ndipo aamue.

Mpangilio ulio kwenye gari lako

Magari mengi ya Kijapani tunayoyaona kila siku, kama Toyota Probox, Fielder na Axio, Nissan Note na Mazda Demio, kwa kawaida hayana sensa ya umeme kwenye pedi. Yana kibati chembamba cha chuma kilichopachikwa kwenye bamba la pedi. Pedi inapobakiwa na unene wa takribani milimita 2 hadi 3, ncha ya kibati hicho huigusa diski na kutoa mlio mwembamba. Magari haya hayana taa ya pedi kwenye dashibodi, na fundi anayemwambia mteja kwamba sensa ya pedi ya Probox yake imekufa aombwe kwanza aionyeshe ilipo.

Sensa ya umeme hupatikana zaidi kwenye BMW, Mercedes-Benz, Audi, Volkswagen na Land Rover, nayo hufanya kazi kwa njia mbili zinazopingana. Katika njia ya kwanza, ambayo BMW huitumia, kitanzi cha waya kimefichwa ndani ya kichwa cha plastiki kilichochomekwa kwenye pedi, na umeme hupita humo wakati wote. Pedi ikiisha, diski hukila kichwa hicho, waya hukatika na taa huwaka. BMW nyingi za karibuni zina sensa ya hatua mbili: kitanzi cha kwanza kikikatika, kompyuta hujua kiwango cha pedi na kurekebisha hesabu ya kilomita zilizobaki, na kitanzi cha pili kikikatika hutoa onyo la mwisho. Katika njia ya pili, iliyotumika kwenye Mercedes-Benz za miaka ya nyuma kama W124 na W203, ndani ya pedi mna ncha ya waya ambayo haigusi kitu. Pedi ikiisha, ncha hiyo huigusa diski, umeme hupata njia ya kwenda kwenye bodi ya gari, na taa huwaka.

Tofauti hii ndiyo inayoamua utapima vipi, kwa maana waya uliokatika huwasha taa katika njia ya kwanza, na katika njia ya pili huinyima taa uwezo wa kuwaka hata siku inapotakiwa. Kwenye Volkswagen na Audi nyingi waya umeungwa na pedi yenyewe, kwa hiyo pedi zinazouzwa bila waya kwa bei nafuu hazitaizima taa.

Neno moja kuhusu duka la spea. Ukiulizia "sensa ya breki" bila kufafanua, unaweza kuuziwa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki zikikanyagwa), ambayo hukaa karibu na bearing ya gurudumu, husoma mwendo wa gurudumu, na haihusiani kabisa na unene wa pedi. Nyaya za sensa hizi mbili mara nyingi hupita pamoja nyuma ya gurudumu, na ndiyo sababu huchanganywa. Waya unaoishia kwenye kalipa, yaani kishikio chenye pistoni kinachozibana pedi kwenye diski, ndio wa pedi. Kwenye dashibodi, alama ya pedi ni duara lenye vipande vya mstari uliokatika pande zote mbili, kwa kawaida katika rangi ya njano. Duara jekundu lenye alama ya mshangao ni jambo jingine, na nitalifikia.

Kabla ya kufungua chochote, egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au vipande vya mbao, na baada ya kuinua kwa jeki weka stendi. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kama inavyofanywa katika gereji nyingi, kwa sababu si vumbi la kuvuta. Lioshwe kwa maji au kwa dawa ya kusafishia breki.

Mlio mwembamba gari likitembea

Mlio wa kibati husikika gurudumu likizunguka, na mara nyingi hubadilika au hukatika dereva anapokanyaga breki, kwa kuwa pedi hubanwa na kibati hutulia. Ukisikia mlio wa namna hiyo kutoka gurudumu moja, chukulia kwamba pedi zimekaribia mwisho hadi utakapoona vingine. Mlio unaotokea wakati wa kukanyaga tu, kisha ukanyamaza, mara nyingi hutokana na pedi ngumu za bei ya chini, uso wa pedi ulioungua na kung'aa kama kioo baada ya mteremko mrefu, au vibati vya kunyamazisha pedi (si kile cha kuonya) vilivyotupwa pedi zilipobadilishwa.

Asubuhi baada ya mvua ya usiku, hali ambayo Kakamega na Kisumu zinaijua vyema, diski huota kutu nyepesi na breki hukwaruza kwa mikanyago michache ya kwanza. Hilo halihitaji fundi. Mkwaruzo mkali uliojitokeza ghafla baada ya kupita barabara ya murramu unaweza kuwa kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi, na dawa yake ni kukitoa kwa bisibisi. Lakini mngurumo mzito wa kusaga, ambao mguu nao huusikia kwenye kanyagio, maana yake ni kwamba pedi imeisha na bamba linakula diski. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena, hata kama gereji iko mtaa wa pili.

Taa ya njano imewaka, lakini pedi bado ni nene

Hii ndiyo hali inayowapotezea watu fedha nyingi zaidi, hasa wenye magari yaliyoagizwa kutoka Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi na soketi zilizo chini ya gari huanza kuoza kabla gari halijapanda meli.

Anza kwa kuuliza kama pedi zilibadilishwa hivi karibuni. Sensa ya kitanzi ikishakatika haitengenezeki, na fundi aliyeweka pedi mpya akarudisha sensa ile ile ya zamani amemwachia mteja taa isiyozima. Ichomoe kwenye pedi uitazame kwa karibu. Sensa iliyokufa kihalali huwa na mfereji laini uliosuguliwa kwenye ncha ya plastiki, na katikati ya mfereji huonekana nukta mbili za shaba zinazong'aa, mahali waya ulipokatwa. Ncha isiyo na alama hiyo ilhali taa inawaka inaonyesha kwamba tatizo liko kwenye waya, soketi au kompyuta. Ncha iliyosuguliwa upande mmoja tu, huku pedi ikiwa mpya, inaonyesha kwamba sensa haikukaa sawa kwenye nafasi yake na imekuwa ikigusa diski tangu siku ya kufungwa.

Hatua inayofuata ni kufuata waya kwa vidole kutoka kwenye pedi hadi kwenye soketi. Waya huu una vishikizo vya kuuweka mbali na tairi, na mtu akivisahau wakati wa kurudisha kalipa, waya hulegea na kusuguliwa na tairi kila usukani unapokatwa hadi mwisho. Matope yanayoganda kwenye barabara za mashamba ya miwa upande wa Muhoroni na Mumias yana tabia ya kuushika waya na kuuvuta yakikauka. Mtu huona ganda la plastiki liko zima na kudhani waya ni mzima, kumbe nyuzi za shaba ndani zimekatika. Upinde taratibu kila sehemu huku mwenzako akitazama taa.

Kisha ichomoe soketi na upime. Katika mfumo wa kitanzi (njia ya kwanza), weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha omu na uguse ncha mbili za upande wa sensa. Sensa nzima ya kitanzi kimoja huonyesha ukinzani ulio karibu na sifuri, na iliyokatika haionyeshi njia yoyote. Ikiwa sensa ni nzima, unganisha kwa muda ncha mbili za soketi ya upande wa gari kwa kipande kifupi cha waya, zima swichi, kisha washa tena. Taa ikizima, upande wa gari hauna hitilafu na sasa chunguza kama vipini vya soketi vinagusana vizuri. Isipozima, waya kati ya soketi na kompyuta umekatika au soketi imeoza. Kwenye BMW za kisasa jaribio hili la kuunganisha linaweza lisizime kitu, kwa sababu kompyuta imekwisha kuhifadhi onyo, hivyo tegemea zaidi multimita.

Katika mfumo wa kugusa (njia ya pili) mambo ni kinyume. Chomoa soketi: taa ikizima, umeme ulikuwa ukipotelea upande wa sensa, ama kwa pedi iliyokwisha ama kwa waya uliochubuka na kugusa chuma cha gari. Taa ikiendelea kuwaka na soketi iko nje, chubuko liko upande wa gari.

Mwisho wa orodha hii ni jambo la aibu kidogo kwa wenye kazi. Magari yaliyopita mikononi mwa watu wengi hukutwa na tepu nyeusi iliyozungushwa nyuma ya gurudumu, na ukiibandua unakuta nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, shaba imegeuka kijani, sensa yenyewe haipo. Mtu alitaka taa izime na akaizima. Msokoto ule ukioza, taa huwaka tena miaka kadhaa baadaye, na mwenye gari mpya anaanza kununua sensa ambazo hazina mahali pa kuchomekwa. Tafuta tepu kabla ya kutafuta spea.

Taa inawaka na kuzima

Angalia ni wakati gani. Inayowaka kwenye mashimo na matuta ni ya waya au soketi. Inayowaka ukikanyaga breki tu, katika gari lenye mfumo wa kugusa, ni ya kuaminiwa: ncha ya sensa imeanza kuifikia diski pedi zinapobanwa, na bado kidogo itabaki ikiwaka moja kwa moja. Inayowaka baada ya kuosha gari kwa mashine ya maji mengi na kuzima ikikauka ni ya soketi iliyoingiza maji.

Taa nyekundu kwenye mlima au kona

Hapa hata wenye Probox wanahusika. Taa nyekundu ya breki huwashwa na breki ya mkono au na kielea kilicho ndani ya chupa ya mafuta ya breki. Hakikisha kwanza kwamba breki ya mkono imeachiwa kabisa. Ikiwa imeachiwa, na taa huwaka unapopanda Riat kutoka Mamboleo au unapokata kona kwa kasi, kisha inazima barabara ikinyooka, kiwango cha mafuta kimeshuka karibu na mwisho na kielea kinacheza.

Kiwango hushuka kwa sababu mbili. Pedi zikipungua unene, pistoni za kalipa hutoka nje zaidi na mafuta huzifuata, hivyo chupa hupungua bila tone lolote kumwagika. Hii ndiyo njia pekee ambayo magari yasiyo na sensa huonyesha uchakavu wa pedi kwa taa, na ndiyo sababu mtu anayejaza mafuta bila kuangalia pedi anajinyima onyo hilo. Zaidi ya hayo, siku pedi mpya zitakapowekwa na pistoni kurudishwa ndani, mafuta yaliyoongezwa yatafurika na kubabua rangi ya gari. Sababu ya pili ni uvujaji. Ikiwa pedi ni nene na chupa imepungua, kagua mipira ya breki, kalipa, na sehemu ya ndani ya magurudumu ya nyuma yenye ngoma, na gari lisitembee hadi uvujaji upatikane.

Hakuna taa, hakuna mlio, na pedi zimeisha

Hali hii ni ya hatari kuliko zote, na si nadra. BMW nyingi zina sensa mbili tu kwa magurudumu manne, moja mbele kushoto na nyingine nyuma kulia. Kwa hiyo gurudumu la mbele kulia linaweza kumaliza pedi zake kimya kimya ikiwa kalipa yake imekwama. Kwenye magari ya kibati, mara nyingi ni pedi moja tu kati ya mbili za kila gurudumu iliyo nacho, na pedi nyingine huweza kuisha kwanza.

Chanzo cha kawaida cha uchakavu usiolingana ni pini za kalipa. Kalipa ya aina hii huteleza juu ya pini mbili ili ibane pedi zote mbili kwa nguvu sawa. Mpira wa kukinga pini ukichanika, vumbi jepesi la upande wa Nakuru na Gilgil huingia, grisi hugeuka ugali mkavu, na kalipa huacha kuteleza. Kwa kawaida pedi ya ndani ndiyo huumia, na ndiyo isiyoonekana kupitia matundu ya rimu. Mtu huchungulia ya nje, huona milimita 7, huondoka ameridhika. Ondoa gurudumu upime zote mbili. Zikipishana kwa zaidi ya milimita 2, toa pini, zisafishe, na upake grisi maalumu ya pini za breki, kwa maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Ikiwa pini zinateleza vizuri lakini gurudumu moja huwaka moto kuliko mwenzake wa upande wa pili baada ya safari, shuku pistoni iliyokwama au mpira wa breki ulioziba kwa ndani.

Kuhusu kipimo chenyewe: pedi mpya huwa na takribani milimita 10 hadi 12 za msuguano. Zikifika 3, badilisha. Asiye na kipimo alinganishe na bamba la chuma la nyuma yake: msuguano ukiwa mwembamba kuliko bamba, muda wa kununua umefika.

Vyanzo vingine ni vya mkono wa mtu. Kuna pedi zinazouzwa bila kibati, kuna mafundi wanaokikunja au kukivunja ili kisipige kelele, na kuna kibati kilichowekwa kwenye pedi ya nje ilhali kitabu cha gari kinasema ndani. Kwa upande wa taa, washa swichi bila kupiga injini na utazame kama taa za breki huwaka kwa sekunde chache kisha kuzima, jinsi kitabu cha gari kinavyoeleza. Taa isiyowaka hata kwa jaribio hilo imeungua au imenyamazishwa.

Nisilipite hili: kanyagio kinacholainika na kuzama katikati ya mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa hakitawasha taa ya pedi, kwa sababu unene haujabadilika. Breki zimepata joto kupita kiasi na mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu, na yaliyonyonya kiasi cha maji kinachotumika katika majaribio yanaruhusiwa kushuka hadi 155. Rudisha gia ya chini, simama mahali salama, acha breki zipoe, na baadaye badilisha mafuta yenyewe.

Pedi na sensa ni mpya, taa haizimi

Thibitisha kwamba soketi imeingia hadi ikalia, na kwamba sensa ni ya ekseli husika, yaani ya mbele au ya nyuma. Za mbele na za nyuma hufanana sana lakini urefu wa waya na umbo la soketi hutofautiana. Kwenye BMW zenye hesabu ya kilomita, onyo haliondoki lenyewe: swichi huwashwa bila injini, na menyu ya huduma hufunguliwa ili hesabu ya breki za ekseli hiyo ianzishwe upya. Kompyuta hukataa ombi hilo ikiwa bado inaona kitanzi kilichokatika, kwa hiyo kukataliwa si hitilafu ya menyu. Rudi kwenye multimita, upime sensa mpya yenyewe, kwa maana zipo zinazotoka dukani zimekatika. Ikiwa sensa ni nzima, waya ni mzima na soketi ni safi, gari lipelekwe kwa fundi wa umeme wa magari mwenye skana inayoweza kusoma kompyuta ya modeli hiyo, na aelezwe vipimo vilivyokwisha kufanywa ili asivianze upya kwa gharama yako.